Siku moja na nusu Den Haag mvua ikinyesha: mwongozo kamili wa mji wa bahari wa Uholanzi

Wakuu, watu wengi wa kwetu wakisikia Den Haag kinachowajia kichwani ni mahakama tu, hasa ndugu zetu Wakenya ambao miaka ile ya kesi za vurugu za uchaguzi wa 2007 jina la The Hague lilikuwa midomoni kila siku, kwenye matatu, vijiweni, mpaka misikitini na makanisani. Ila ule mji uko baharini kabisa, una bichi ndefu ya mchanga inaitwa Scheveningen, na unafikika kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol kwa treni kama nusu saa hivi. Kwa hiyo kama una viza ya Schengen mkononi na una siku moja au mbili za kuiba kabla ya kurudi nyumbani, au unaishi Ujerumani, Ubelgiji, popote pale jirani, nenda. Na usisubiri jua. Mimi nimeenda mara tatu na mara zote tatu nimenyeshewa, na bado ni mji ninaoupenda kuliko Amsterdam. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya ile safari ya kwanza.

Hatua ya 1: Ielewe mvua ya kule kwanza

Hapa ndo wengi tunakosea. Sisi tumezoea masika, mvua ikishuka imeshuka, unajibanza kwenye baraza la duka, unangoja imwage, ikikatika jua linatoka na unaendelea na mambo yako. Dar inapata zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, Den Haag iko chini ya hapo, kwa hiyo kwa maji peke yake sisi tunawazidi. Tofauti ni kwamba yao imegawanywa vipande vidogo vidogo mwaka mzima, unapata rasharasha ya dakika kumi, inaacha, robo saa baadae inarudi, afu upepo wa kutoka bahari ya Kaskazini unaileta kwa ubavu inakupiga usoni sio kichwani.

Maana yake kwenye ratiba ni hii: usipange siku nzima ya nje wala usipange siku nzima ya ndani. Panga vipande. Saa moja na nusu au mbili ndani, kisha kipande kifupi cha nje cha kutembea kwenda sehemu nyingine yenye paa. Den Haag inafaa sana kwa mtindo huu maana vitu vyake vya katikati ya mji viko karibu karibu, dakika tano, kumi, kumi na tano kwa miguu.

Pakua apu inaitwa Buienradar. Waholanzi wote wanayo. Inakuonyesha mawingu ya mvua yanavyosogea kwenye ramani na mchoro wa saa chache zijazo, yaani inakuambia mvua itaanza saa nane na dakika ishirini itaisha saa nane na nusu, na mara nyingi inakuwa kweli. Neno "bui" ni mvua ya kupita, ukilisikia dukani ujue wanakwambia subiri kidogo itaacha. Kabla hujatoka mlango wowote, angalia hiyo apu, hata kama nje kunaonekana kweupe.

Hatua ya 2: Mavazi, na tafadhali acha mwavuli

Safari ya kwanza nilienda na mwavuli mzuri niliotoka nao nyumbani, ile nashuka tu kwenye tramu pale ufukweni upepo ukaugeuza juu chini na vyuma vitatu vikakatika palepale. Ukitazama wenyeji utaona wengi hawana, wamevaa makoti yenye kofia. Kwa hiyo koti la mvua lenye kofia inayofungwa kwa kamba chini ya kidevu, ndani yake sweta. Kama huna, ingia duka la HEMA, yako mengi mjini, wanauza makoti mepesi ya mvua kwa bei ya kawaida.

Viatu ndo jambo kubwa kuliko koti. Raba za kitambaa zikilowa saa nne asubuhi utakuwa na miguu baridi mpaka usiku na siku imeharibika. Vaa vya ngozi au vya plastiki, na soksi jozi moja ya ziada kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Pasipoti na simu pia kwenye nailoni. Ukivaa suruali ya jinzi ujue ikilowa haikauki siku hiyo, bora suruali nyepesi.

Hatua ya 3: Kuingia mjini na kulipia usafiri

Kuna stesheni mbili kubwa, Den Haag Centraal na Den Haag HS. Zote ni Den Haag lakini kwa mgeni bora ushukie Centraal maana ndo iko jirani na katikati ya mji, na tramu ya baharini inapita hapo. Kutoka Amsterdam ni kama dakika 50, Rotterdam kama nusu saa.

Kulipa ni rahisi, huna haja ya kupanga foleni ya tiketi. Kadi yako ya benki ile ya kugusisha, au simu yenye kadi ndani, unaigusisha kwenye mashine unapoingia na unaigusisha tena unapotoka. Treni, tramu, basi, nchi nzima ni hivyo. Mambo matatu ya kushika hapo: kila mtu kadi yake, hamuwezi kwenda wawili kwa kadi moja, pili kadi uliyoingilia ndo hiyohiyo ya kutokea, ukiingia na kadi ukatoka na simu mashine inaona ni watu wawili tofauti, tatu usisahau kutoka. Mimi nilishuka kwenye treni nikiwa nakimbia mvua, nikapita bila kugusisha, nikakatwa pesa nyingi kuliko nauli yenyewe. Sasa hivi kabla sijafunga zipu ya koti nagusisha kwanza.

Halafu pesa taslimu. Sehemu nyingi utakuta maandishi "alleen pinnen", maana yake wanapokea kadi tu. Beba sarafu kidogo tu kwa ajili ya vyoo.

Begi kubwa usitembee nalo kwenye mvua, pale Centraal kuna makabati ya kufungia mizigo, unalipa kwa kadi.

Hatua ya 4: Kipande cha kwanza, Mauritshuis na jirani zake

Toka Centraal, tembea kama dakika kumi, utafika kwenye bwawa la mjini linaitwa Hofvijver, na pembeni yake majengo ya zamani ya bunge, Binnenhof. Hayo majengo yamefungwa kwa ukarabati tangu 2021, kwa hiyo tazama kwa nje upige picha uendelee. Mlango wa pili ni Mauritshuis, makumbusho ndogo ya michoro iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1822. Kiingilio ni kama yuro 20, chini ya miaka 18 bure, nunua mtandaoni kabla maana siku ya mvua kila mtalii ana wazo kama lako. Inafunguliwa saa nne asubuhi, ila Jumatatu ni saa saba mchana, msije mkasimama nje bure. Koti lililolowa na begi unaviacha chini kwenye kabati, unapanda juu ukiwa mkavu.

Uzuri wake ni udogo. Saa moja na nusu inatosha na hujachoka. Msichana mwenye hereni ya lulu wa mchoraji Vermeer yuko pale, mchoro wenyewe hauzidi upana wa kalenda ya ukutani, na mwaka 1881 uliuzwa kwenye mnada kwa gilda (pesa ya zamani ya Uholanzi) 2 na senti 30 tu kwa sababu ulikuwa mchafu na hakuna aliyeutambua. Angalia pia ndege mdogo wa Fabritius aliyefungwa mnyororo, kauchora 1654, mwaka huohuo mchoraji akafa kwenye mlipuko wa baruti huko Delft. Na fahali wa Paulus Potter ni mkubwa kama ng'ombe wa kweli, ukisogea unaona mpaka nzi mgongoni.

Jambo moja ambalo mtu mweusi akiingia pale anapaswa kulijua. Jumba lilijengwa na Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa koloni la Waholanzi Brazili kuanzia 1637 mpaka 1644, na ni chini yake walipoteka ngome ya Elmina huko Ghana na mji wa Luanda ili wapate watumwa wa kupeleka mashamba ya miwa. Ile nyumba nzuri ina historia hiyo ndani ya kuta zake na makumbusho wenyewe wanaieleza siku hizi. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye lulu.

Ukitoka, mvua ikiwepo, kimbilia De Passage, njia ya maduka iliyofunikwa kwa vioo juu, ya mwaka 1885, dakika chache tu kutoka hapo. Kunywa kahawa, piga picha, subiri apu ikwambie toka. Na kama huna hela ya kahawa ingia jengo la manispaa pale Spui, lile jeupe pee, ndani ni uwanja mkubwa wenye paa la kioo na maktaba iko hapohapo. Bure, joto, na hakuna atakayekuuliza unafanya nini.

Hatua ya 5: Panorama Mesdag, hii usiiache

Kama una muda wa kitu kimoja tu cha ndani, basi ni hiki, sio lulu. Iko mtaa wa Zeestraat, kama robo saa kwa miguu kutoka Mauritshuis.

Unapita kwenye ujia wenye kigiza, unapanda ngazi za mzunguko, na ukitokea juu uko kwenye kibanda juu ya kilima cha mchanga na bahari imekuzunguka pande zote. Ni mchoro mmoja wa duara, kimo kama mita 14 na mzunguko kama mita 120, lakini ukingo wa chini huuoni kwa sababu wamemwaga mchanga wa kweli kutoka miguuni pako mpaka kwenye turubai, na juu umefunikwa na paa la kibanda, kwa hiyo jicho halina pa kushika kusema hapa ndo picha inapoanzia. Mwanga unatoka juu kwenye vioo. Wingu likipita nje, bahari iliyochorwa nayo inafifia, likiondoka inang'aa. Siku niliyokuwepo mvua ilikuwa inapiga vioo vya juu huku mbele yangu kuna bahari tulivu ya mwaka 1881, aisee nilikaa kwenye benchi dakika arobaini.

Aliyechora ni Hendrik Willem Mesdag, pamoja na mkewe Sien na wachoraji wengine waliomsaidia, wakamaliza kwa miezi michache tu. Angalia mashua zilizopandishwa mchangani, matumbo bapa, kama sisi tunavyoacha ngalawa na mashua ufukweni maji yakipwa. Scheveningen haikuwa na bandari wakati ule, wavuvi waliburuta mashua zao mpaka mchangani. Desemba 1894 ilikuja dhoruba ikazivunjavunja mashua nyingi palepale zilipolala, na baada ya hapo ndo serikali ikakubali kujenga bandari, ikafunguliwa 1904. Ukienda baharini baadae utaiona hiyo bandari, ndo maana nasema anza na mchoro kisha nenda ukaone kwa macho.

Hatua ya 6: Mahakama, kwa mwenye nia

Kutoka Panorama tembea dakika kama kumi unafika Vredespaleis, jumba la amani, lilifunguliwa 1913 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Humo ndimo ilimo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya nchi kushitakiana. Kesi ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya iliamuliwa hapa Oktoba 2021, na Februari 2022 Uganda ikaamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa yale ya vita vya mashariki. Ndani ya jumba huingii hivihivi, ila kando ya geti kuna kituo cha wageni, bure, na unapewa vifaa vya kusikiliza masikioni. Nusu saa inatosha. Siku nyingine hufungwa, angalia kabla.

ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ni kitu kingine na iko sehemu nyingine, karibu na matuta ya mchanga upande wa Scheveningen, kwenye majengo waliyohamia mwishoni mwa 2015. Siku za kazi kukiwa na kesi ya wazi raia anaruhusiwa kukaa nyuma ya kioo kusikiliza, bila malipo, unahitaji pasipoti na unakaguliwa kama uwanja wa ndege. Ratiba ya vikao iko kwenye tovuti yao. Kesi za Kongo, ya Lubanga na ya Ntaganda, zilikuwa na mashahidi waliosema Kiswahili, na wakalimani wa Kiswahili wamo. Watu wa Arusha hapa mtajisikia nyumbani kidogo maana ile taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kesi za Rwanda ina matawi mawili, moja Arusha na la pili Den Haag.

Madurodam, ule mji wa vijumba vidogo, sehemu kubwa ni nje. Mvua ikiwepo ruka.

Hatua ya 7: Kula

Den Haag ina Wasuriname wengi wa asili ya Kihindi, mababu zao walichukuliwa India kuanzia 1873 kwenda kufanya kazi mashambani huko Suriname, na wajukuu wakaja Uholanzi. Faida kwetu ni roti. Yaani chapati laini yenye unga wa dengu ndani, mchuzi wa kuku na viazi, maharage mabichi yale marefu na yai la kuchemsha, na pilipili pembeni ukiomba. Bara yao ni bajia kubwa ya duara. Mtu aliyenyeshewa tangu asubuhi akikutana na hiyo sahani anasahau kila kitu. Migahawa midogo ya hivyo iko mingi, na mingi ni halali, uliza tu.

Ukiwa na Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumamosi pitia Haagse Markt, soko kubwa kabisa, utakuta mihogo, ndizi za kupika, bamia, samaki, na makelele ya wauzaji kama Kariakoo.

Tahadhari kwa Waislamu: ile supu nzito ya kijani ya msimu wa baridi, erwtensoep, huwa na nguruwe. Na wa kutafuta pa kuswali, mtaa wa Wagenstraat kuna msikiti wa Waturuki ambao jengo lake lilikuwa sinagogi la mwaka 1844, uko katikati kabisa ya mji.

Hatua ya 8: Bahari yenyewe

Panda tramu namba 1 au 9. Ya 9 inapita Centraal, ya 1 inapita Vredespaleis, zote zinafika Scheveningen pale Kurhaus. Mi napenda kwenda na 1 na kurudi na 9. Jina la Scheveningen lisikutishe, ile sch tamka s halafu kh ya kheri, sisi tuliosoma madrasa tunaiweza vizuri kuliko wageni wengi, na Waholanzi wanasimulia kwamba wakati wa vita walitumia neno hilo kumjua Mjerumani.

Ukishuka utaona Kurhaus, hoteli kubwa yenye kuba, ya miaka ya 1880. Pita pembeni yake ushuke mpaka barabara ya ufukweni. Ile barabara unayokanyaga imeficha tuta la kuzuia bahari ndani yake, walimaliza kuijenga 2013, maana nchi hii haijasahau mafuriko ya 1953 yaliyoua watu 1836.

Sasa hapa ndo naomba uniamini: usikimbie mvua ufukweni. Kwanza watu hawapo, bichi yote ni yako. Pili ile bahari sio ya kwetu, haina buluu, ni ya kijivu na kahawia, mawimbi yanakuja kwa mistari mitano sita kwa pamoja na povu linapeperuka mchangani kama pamba, na chini ya jua inaonekana bahari ya kawaida tu ila chini ya wingu zito inakuwa yenyewe. Vaa kofia, funga kamba, tembea dakika ishirini upepo ukiwa mgongoni. Usiingie majini. Ukiona bendera nyekundu ni marufuku kabisa, na hata bila bendera kuna mikondo inayovuta mtu kwenda nje, inaua watu.

Ukishalowa vya kutosha ingia kwenye gati, De Pier, lilifunguliwa 1959. Lina sakafu mbili, ya juu iko wazi na ya chini imefunikwa, kwa hiyo unatembea juu ya bahari mpaka mwisho ukiwa mkavu, mawimbi yanapita chini yako. Mwishoni kuna gurudumu kubwa la kupanda, vyumba vyake vimefungwa vioo.

Chakula cha hapo ni samaki. Haring ni samaki mbichi aliyetiwa chumvi kidogo, anapewa na vitunguu vilivyokatwa, unamshika mkia unamnyanyua unamng'ata kutoka chini. Usiogope, kisheria lazima agandishwe kwanza kuua minyoo. Nyama yake ni laini, ina mafuta, chumvi haizidi, mimi nilidhani sitamaliza nikala wawili. Msimu mpya huanza Juni. Asiyeweza basi achukue kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga vya motomoto na mchuzi wa kitunguu saumu. Kula ukiwa umeegemea ukuta, shakwe wa pale wanashuka kutoka nyuma na kuchukua samaki mkononi.

Desemba giza linaingia kama saa kumi na nusu jioni, Juni mpaka saa nne usiku bado kweupe, kwa hiyo wa safari ya baridi waje baharini mchana.

Hatua ya 9: Usiku, na nusu siku iliyobaki

Ukirudi ulipolala toa soli za viatu, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti mara moja kabla ya kulala, asubuhi vinavalika. Usiviweke juu ya hita moja kwa moja, ngozi inapasuka.

Asubuhi ya pili, kabla ya treni, panda tramu 11 kutoka HS mpaka Scheveningen Haven, ile bandari ya 1904. Tembea mpaka kwenye mnara mwekundu wa taa na uangalie boti zikitoka. Ukitembea mjini au huku usikanyage njia nyekundu ya lami, hiyo ni ya baiskeli, na kwenye mvua wanakuja kwa kasi wameinamisha vichwa.

Wa kupanda ndege Schiphol, toka Centraal masaa matatu na nusu kabla ya ndege kuruka, na soksi kavu ziwe juu kabisa kwenye begi.